Utani Nilioutoa Chimala

Wajukuu zangu, na ninyi wengine mnaonunua kitu asubuhi mkakiuza kabla jua halijazama, kazi hiyo niliifanya kabla baba zenu hawajazaliwa. Ninyi mnaifanya kwa simu, mmejilaza kitandani. Sisi tuliifanya kwa magunia ya mchele pale Chimala, miaka ya hamsini, wakati barabara ya Iringa kwenda Mbeya ilikuwa ya changarawe, na lori likipita humwoni aliyesimama karibu yako mpaka vumbi litulie.

Juzi mjukuu wangu Frenki alinionyesha picha aliyoiweka kwenye simu ili watu waione. Amesimama kando ya gari jipya, ameshika noti mkononi kama anayecheza karata. Akaniambia watu wengi wameipenda, hata asiowajua. Nilimrudishia simu yake. Nimekaa na jambo hili siku mbili, na leo nataka kuwasimulia habari ya Ambakisye, mtu aliyenifundisha kazi.

Ambakisye alikuwa Mnyakyusa. Baba yake alipofariki, alihamia Uyole, karibu na Mbeya, pamoja na mama yake, akajenga huko. Alinizidi kama miaka kumi. Mimi ni Mbena wa Makambako, na nilifika Chimala nikiwa na shati moja na baiskeli ya kaka yangu. Tulikutana kwa sababu ya kosa langu. Nilikuwa nimenunua gunia langu la kwanza, mchele mweupe kabisa kwa juu, nikakaa nalo sokoni tangu asubuhi. Kila mnunuzi akija anatia mkono, anautoa, anaondoka. Mchana akaja mtu mrefu mwenye koti la kaki. Akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa akicheka.

Akaniambia nimeununua mchele kwa macho, na macho ni ya kuangalia watu. Mchele unautia mkono mpaka katikati ya gunia. Ukisikia ubaridi, ujue una maji. Kisha unatia punje mbili mdomoni. Iliyokauka inakatika, mbichi inabonyea. Nilimwuliza sasa nifanyeje. Akanipeleka kwa mama mmoja mpika vitumbua, akamweleza wazi kwamba mchele una unyevu, ila yeye kesho ataulowesha hata hivyo. Yule mama akacheka akachukua gunia zima. Sikupata faida wala hasara. Kuanzia siku ile nilimwita kaka.

Tukagawana kazi. Mimi nilikaa Chimala, nikinunua alfajiri kwa Wasangu walioleta mchele kutoka Rujewa na vijiji vya bondeni. Yeye alikuja na lori la asubuhi, tunapakia, mchana anauza Mbeya. Sheria yake ilikuwa moja, mzigo usilale. Kilichonunuliwa leo kiuzwe leo, maana kinacholala kinaliwa na panya, na wewe unaliwa na wasiwasi.

Lakini ustadi wake hasa ulikuwa kusoma barabara. Lori likisimama kwenye mgahawa, sisi wengine tulimtazama dereva. Ambakisye alitazama magurudumu na mbavu za gari. Vumbi jekundu, anasema hili limetoka Iringa. Tope kavu jeupe, hili limeingia bondeni. Turubai limekunjwa na kamba zimelegea, basi linarudi tupu na dereva anatafuta mzigo. Kisha anazungumza na dereva habari za kawaida, watoto, mvua, mguu unaouma, na mwisho wa chai anajua ni wapi mchele umekwisha. Niliwahi kumwona akinunua magunia saa tatu asubuhi na kuyauza saa tano kwa watu wa machimbo ya Chunya, pale pale, magunia hayajasogea hata hatua moja. Wasangu waliomwuzia walikuwa bado wamekaa wanakula mihogo. Wakamtazama. Hawakukasirika. Walimtazama tu kama mtu anayetazama kitu asichokijua.

Hapo ndipo shida ilipoanzia, ingawa sikuiona. Mkulima watu wanamwona akishika jembe. Seremala wanasikia msumeno wake. Utajiri wa Ambakisye hakuna aliyeuona unakotoka. Aliondoka Uyole mikono mitupu, akarudi mikono mitupu, na mwaka unaofuata amejenga. Wengine wakasema ana dawa. Wengine wakasema chini ya nyumba yake kuna debe la fedha ambalo halipungui.

Ukweli mimi niliujua. Nyumbani kwake hakukuwa na fedha ya kununulia hata kondoo. Sehemu aliiweka kwa Mhindi mmoja mwenye duka Mbeya mjini, na iliyobaki ilikuwa ndani ya mchele wa kesho. Mtu wa kazi yetu akikaa na fedha ndani, kazi imesimama.

Kisha likaja jambo la kanisa. Kanisa lao la pale Uyole lilikuwa la nyasi, na wazee wakaomba michango ya bati. Ambakisye akatoa bati za upande mzima. Alimsihi mwinjilisti asilitaje jina lake. Mwinjilisti alikuwa mtu mwema, na furaha ikamshinda. Jumapili hiyo nilikuwapo. Alisoma majina ya wote, huyu kuku, huyu debe la mahindi, kisha akamsimamisha Ambakisye akasema upande ule wote wa paa ni wa mtu mmoja. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilipiga makofi kuliko wote, maana yule alikuwa kaka yangu na mwenzangu wa kazi. Ambakisye alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani ni unyenyekevu.

Mwaka huo huo alimwezekea mama yake nyumba ya bati. Mama huyo aliitwa Tupokigwe. Alikuwa na mguu mmoja uliovimba ambao haukupona, na nyumba ya nyasi ilikuwa ikimvujia mvua. Bati lile lilikuwa la kwanza mtelemkoni pale. Jua likiwaka, abiria wa lori waliliona tangu mbali wakaulizana ni la nani, na daima palikuwa na mtu garini wa kuwajibu.

Baada ya hapo akaanza kubadilika. Akavaa lile koti la kaki mpaka viwiko vikatoka nje. Akaacha kupita njia kuu akirudi nyumbani, akawa anapita nyuma, kwenye migomba. Nikamtania kwamba ameanza kuzeeka. Siku moja tukipakia aliniambia, nami nakumbuka maneno yake kwa sababu hakuwa mtu wa kuagiza watu:

"Yohana, mtu akikuuliza habari zangu, mwambie biashara mbaya. Usiongeze neno."

Nilisema sawa. Moyoni niliona ni woga. Nilikuwa kijana, nilikuwa nimeanza kuvaa viatu, na kujulikana kwamba nafanya kazi na Ambakisye kulinipa nafasi ya kukaa mbele mgahawani. Mtu akinyamazia sifa ya mwenzake na yake inapungua. Nilifikiri hivyo, Mungu anisamehe.

Sasa utani wenyewe. Ilikuwa mchana, tumeshapakia, lori la Ambakisye limeondoka, nami nakunywa chai mgahawani. Mezani tulikuwa watatu. Mmoja alikuwa Piusi, mpakiaji wa magunia tuliyemtumia kila siku, mtu mpole mwenye mabega mapana. Mwingine alikuwa rafiki yake aliyerudi kutoka migodi ya Afrika Kusini, anajiita Jeki, na kofia ya pama haikumtoka kichwani. Piusi akasema kwa mshangao tu kwamba mtu kama Ambakisye lazima ana mahali anapoficha. Jeki akaniuliza ni wapi.

Ningeweza kusema biashara mbaya. Ningeweza kusema ukweli, kwamba fedha iko dukani kwa watu na kwenye magunia. Badala yake nikataka kuwachekesha. Nikasema:

"Mama yake ameiatamia kama kuku. Ukiitaka fedha ya Ambakisye, umwinue kwanza bibi juu ya mayai."

Walicheka sana. Piusi alimwaga chai. Nami nikafurahi, nikaagiza maandazi kwa wote.

Wiki chache zikapita. Ikafika Jumapili ambayo Ambakisye na mkewe walikwenda kanisani, na majirani wote wakaenda, na mama Tupokigwe akabaki kwa sababu ya mguu. Jua lilikuwa limepanda, siku nyeupe kabisa. Watu wawili waliojipaka masizi wakaingia ndani. Walichimba sakafu. Walipasua godoro la majani. Walipokosa walichota makaa jikoni, wakamchoma nyayo ili aseme fedha iko wapi. Bati lile jipya lilipashwa na jua likawa linalia, na nyumba ilikuwa mbali kidogo na nyingine. Hakuna aliyesikia. Walitoka wakati watu wanaimba wimbo wa mwisho.

Mimi nilipata habari Jumatatu kwa dereva. Nikaacha kila kitu nikapanda lori kwenda Mbeya, hospitali. Nilimkuta Ambakisye amekaa sakafuni kando ya kitanda cha mama yake, ameshika kidole kimoja cha mkono wa mama. Miguu ya mama ilikuwa imefungwa vitambaa mpaka magotini. Mama alikuwa akizungumza kwa Kinyakyusa, taratibu, na kwa miaka ile nilikuwa nimekwisha kukijua vya kutosha.

Alisema wale watu walimwambia kwa Kiswahili, bibi, inuka juu ya mayai. Hakuelewa. Akawajibu mayai yako jikoni, kwenye kikapu, wachukue. Wakadhani anawadhihaki. Ndipo wakaenda kuchota makaa.

"Walirudia mara nyingi," alisema. "Mayai, mayai. Nami nikawaambia, jikoni, wanangu."

Ambakisye alinigeukia. Akaniuliza ni mayai gani. Muuguzi aliyekuwapo akasema ni homa, wagonjwa wa moto huwa wanasema mengi. Mimi nilitazama ukutani. Nikasema labda ni homa.

Alifariki Alhamisi.

Tulimzika Ijumaa, Uyole. Nilibeba jeneza. Nililala kwenye matanga, nilikaa mkekani pamoja na Ambakisye, nilikula chakula cha msiba kilichopikwa na mkewe. Kila asubuhi niliamka nikijiambia leo nitasema. Kisha mtu anakuja kunipa pole na kuniita ndugu wa marehemu, nanyamaza. Nilijua vizuri kabisa ni watu gani wawili waliosikia neno lile kutoka kinywani mwangu. Nilijua na jina la mgahawa.

Wakati mimi nimenyamaza, watu wengine walikuwa wakifikiri. Neno mayai lilikuwa limetoka hospitali likafika msibani, na pale Uyole palikuwa na mtu aliyeitwa Lusajo, ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya mayai kwa baiskeli na kuyapeleka mjini kwenye hoteli ya Wazungu. Alikuwa akinunua mayai hata kwa mama Tupokigwe. Mmoja akasema, Lusajo ndiye aliyekuwa akiingia nyumba ile. Mwingine akasema, Jumapili hakuonekana kanisani. Siku ya tatu baada ya mazishi walimfuata.

Nilikwenda nao. Sikumgusa, lakini nilikwenda. Walivunja baiskeli yake kwanza, wakaikanyaga mpaka magurudumu yakapinda. Kisha wakampiga kwa fimbo mpaka jicho lake la kushoto likafumba. Walimfunga kamba kumpeleka kwa jumbe, mkuu wa kijiji. Lusajo alikuwa akiuliza swali moja tu, nimefanya nini, na hakuna aliyemjibu kwa sababu hakuna aliyejua vizuri. Ambakisye alikuwa amefika. Alisimama mbele ya Lusajo, akamtazama usoni kwa muda mrefu, akaniita niende karibu. Akaniambia mimi ndiye ninayejua kuangalia watu, maana yeye ndiye aliyenifundisha. Akaniuliza naona nini.

Nilisema palepale, mbele ya watu wote:

"Si yeye, kaka. Neno la mayai ni langu."

Nikamweleza. Nilieleza meza, chai, Piusi, Jeki, na utani wenyewe neno kwa neno. Mtu mmoja akaanza kufungua kamba za Lusajo bila kuambiwa.

Ambakisye hakupandisha sauti. Aliniuliza nilijua lini. Nikasema, pale kitandani, Jumatatu. Akahesabu kwa vidole, nami nilimwona anavyohesabu, Jumatatu, Jumanne, mpaka akaufikia mkono wa pili.

"Ule utani ningekusamehe hapa hapa," alisema. "Kila mtu ana mdomo. Lakini umekaa na mimi mkekani siku zote hizi, unakula."

Akaondoka kwenda mwenyewe kituo cha polisi.

Polisi walipofika Chimala walimkuta Piusi akipakia magunia. Hakukimbia. Alikaa chini juu ya gunia akanyoosha mikono. Jeki walimkosa. Alikuwa amepanda lori la kwenda Tunduma siku mbili nyuma, akavuka mpaka, na mpaka leo ninaposema nanyi hakuna aliyejua alikoishia. Siku mbili, wajukuu zangu. Ningesema siku ya mazishi, wangemkuta.

Kesi ilisikilizwa na jaji Mzungu. Piusi alikiri kwamba aliingia nyumba ile na kwamba alichimba sakafu. Alisema makaa aliyashika Jeki, naye alimsihi aache. Inawezekana alisema kweli. Mimi nilimjua Piusi, na nikiambiwa niape leo nitasema aliyeshika makaa ni Jeki. Lakini Jeki hakuwapo wa kuulizwa, na mama Tupokigwe alikuwa amezikwa. Piusi alinyongwa.

Nami nilisimama kizimbani kutoa ushahidi. Wakili akanitaka nirudie maneno yale kama nilivyoyasema. Nikarudia, bibi aliyeatamia fedha kama kuku. Mkalimani akamgeuzia jaji kwa Kiingereza. Na watu wachache waliokaa nyuma, watu wageni waliokuja kusikiliza kesi tu, wakacheka. Walijizuia upesi, lakini nilisikia. Ambakisye alikuwa benchi la mbele. Hakugeuka.

Lusajo hakupata jicho lake tena. Baadaye, nilipopata uwezo, nilimnunulia baiskeli nyingine. Aliipokea kwa mkono mmoja akasema asante, akaniuliza kama nimekwisha kula. Hakuwahi kunitaja vibaya kwa mtu. Nimekutana na watu wengi wa kanisa maishani mwangu, ila mtu aliyenionyesha kanisa ni yule.

Ambakisye aliacha biashara. Alichukua fedha yake kwa yule Mhindi, akaing'oa nyumba ya bati akawapa bati wenye shida, akaondoka na mkewe. Nilisikia yuko upande wa Iringa, Mafinga, anafanya kibarua cha kupanda miche ya misonobari. Mimi niliendelea. Sikujua kazi nyingine. Nilifanya peke yangu, na kila aliyeniuliza nikamwambia biashara mbaya, na nilivaa vibaya kiasi kwamba mke wangu aliona aibu kutembea na mimi. Watoto wangu walisoma, hakuna jirani aliyejua kwa fedha gani. Frenki anadhani babu yake alikuwa maskini. Leo ndiyo kwanza anasikia.

Msinielewe vibaya. Siwakatazi kupata. Nilipenda kazi ile na ningeifanya tena kesho kama magoti yangekubali. Nawaambia tu kwamba mkishajulikana, anayeadhibiwa mara nyingi ni yule mliyemwacha nyumbani, asiyejua hata kazi yenu inafanywaje. Watakuja kumwuliza kitu ambacho hana. Na huenda neno litakalowaleta likawa la kuchekesha, limesemwa na mtu anayewapenda.

Nilikwenda Mafinga mara moja, kama miaka mitatu baada ya kesi. Nilishuka barabarani nikauliza, nikaelekezwa kwenye vitalu. Kulikuwa na baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mashina. Ambakisye alikuwa amechuchumaa kati ya mistari ya miche, anang'oa magugu, ameota mvi. Aliponiona alisimama, akajifuta udongo mikononi, tukasalimiana. Aliniuliza bei ya mchele Chimala. Nikamtajia. Akafikiri kidogo, akasema mvua ikichelewa bondeni itapanda kufikia mwezi ujao. Ilikuwa kweli, ilipanda. Nilimwambia nimekuja kumwomba msamaha sawasawa, siyo vile mbele ya watu. Akainama akang'oa gugu jingine, akahamia mche unaofuata.

Mfanyakazi mwenzake akaja na ndoo ya maji, kijana mchangamfu, akamwuliza mgeni huyu ni nani. Ambakisye akanitazama.

"Ni msafiri," alisema. "Anauliza lori la Mbeya linapita saa ngapi."

Yule kijana akanieleza vizuri sana. Akanionyesha na njia ya mkato ya kufika barabarani, akanisindikiza mpaka mwisho wa kitalu. Nikashukuru, nikaenda kusimama kungoja lori.